Kichwa cha Samaki kwa Mista Len

Mfereji wa maji uliopita nyuma ya viwanda vya Edmonton, Uingereza, ulinuka matope, moshi na mafuta ya mashine, na mimi nikiisikia tu ile harufu miguu ilianza kuniwasha. Nilikuwa msichana wa miaka tisa na sikujua kukaa kitako. Tulikuwa tumetoka Unguja baada ya Mapinduzi, tukapanga vyumba viwili, na mama alikuwa mjamzito asiyekula kitu. Chai inarudi, mkate unarudi, wali akiuona anageuza uso. Roho yake ilitaka samaki mbichi aliyetoka majini siku hiyo hiyo. Wale wa dukani, alisema, macho yamewazama kama wagonjwa. Alikonda mpaka bangili zikawa zinamtoka mkononi zenyewe. Daktari akamwambia baba waziwazi kwamba mama asipokula, mtoto hatapona. Tangu hapo baba hakutulia. Alizunguka chumbani mpaka watu wa chini wakagonga dari kwa fagio.

Baba hakuwa mvuvi, alikuwa karani, lakini Muunguja gani atakubali kwamba hajui kuvua? Alinunua mshipi mnene, ndoana za kumtia papa adabu na chubwi la risasi la kuzamishia mshipi, kubwa kama ngumi yangu. Akatia kamba wa dukani kuwa chambo, akarusha. Tubwi! Bata wote wakaruka. Jumamosi baada ya Jumamosi tulirudi na ndoo tupu. "Salma, tulia, unatimua samaki!" alinifokea. "Samaki gani, baba?" nikamjibu, na kofi la mgongo nikalipata hapo hapo.

Jirani yetu Mista Len, mzee wa Kiingereza aliyefiwa na mkewe, alivua karibu nasi, na siku moja uvumilivu ukamwishia. Aliitazama ndoana yetu akacheka mpaka akakohoa. Kisha akafungua kopo lake la biskuti. Loo! Ndoana ndogo kama kucha ya paka, mishipi myembamba kama nywele, boya lililopakwa rangi nyekundu, na chambo cha uongo cha shaba kilichozunguka majini kama kisamaki kilichojeruhiwa. Alitufundisha kutorusha mbali, bali karibu na nguzo za daraja penye kivuli, na kuvuta polepole, kuacha kidogo, kuvuta tena. Huko ndiko alikokaa samaki mwenye mistari myeusi ubavuni na miiba mgongoni. Sisi tulimwita punda milia. Mista Len mwenyewe kila alichovua alikirudisha majini. Baba alimwonea huruma. "Maskini," alininong'oneza, "hana wa kumpikia."

Siku tuliyompata samaki wetu, Mista Len alikuwa kitandani anaumwa kifua. Ufito wa kuvulia nilikuwa nao mimi. Nilivuta, nikaacha, nikavuta, na mkono ukataka kung'oka. Baba aliruka majini na viatu vyake vya kazini akamkumbatia yule samaki, punda milia mkubwa, mnene, mwenye kovu mdomoni. Tulikimbia naye mpaka nyumbani. Mama akampika kwa nazi ya pakiti ya duka la Mhindi, akakaa, akala. Alikula sahani mbili, na baba akageukia dirishani akalia.

Kichwa tulimwekea Mista Len, maana kwetu kichwa ni cha mgeni wa heshima, na huyu alikuwa mwalimu wetu. Alikuja kesho yake amevaa tai. Mama akafunua sahani. Mzee alitazama, akaligusa lile kovu kwa kidole. "Namjua huyu," akasema kwa sauti ndogo. Miaka mingi alikuwa akimvua, akimpima kwa kiganja na kumwachia. Baba, aliyekielewa Kiingereza, uso ukamsawijika, akanyoosha mkono kuiondoa sahani. Mama hakuelewa hata neno moja. "Mwambieni ale, asione haya," akasema, akamwongezea mchuzi. Mista Len alimtazama mama usoni, akatazama tumbo lake, kisha akashika kijiko. Alikula mpaka mifupa ikabaki myeupe, akasema asante, na habari ile hakuitaja tena mpaka tulipohama.

Mtoto alizaliwa salama. Ni mdogo wangu, naye ana watoto wakubwa sasa. Nikiwasimulia kwa Kiswahili wananijibu kwa Kiingereza kwamba tulimfanyia mzee wa watu ukatili. Huenda. Mimi leo nina ufito mwepesi wa kisasa na sanduku zima la visamaki vya mpira vya kila rangi, na mfereji umesafishwa mpaka hauna harufu. Kila samaki ninayemvua namwachia, na wengine nimeshaanza kuwajua kwa alama zao. Najiuliza, mtu akiniwekea mmoja wao mezani, mbele ya mwanamke anayenichekea kwa furaha, nitaweza kushika kijiko? Sidhani.