Vidonge Alivyogawana Masanja

Siku yangu ya kwanza kwenye utafiti wa tiba ya ulevi, karibu na machimbo ya dhahabu nje ya Kahama, Mtafiti Mkuu aliniwekea vidonge viwili mezani akataka nichague chenye dawa. Nikavigeuza, nikavinusa, nikashindwa. Akasema, "Vizuri. Ukishindwa wewe, mgonjwa naye atashindwa."

Iliniudhi, na nilimwambia hivyo. Nilikuwa nimezalisha akina mama Ushirombo miaka mingi, kisha nikachanja watoto Kagongwa, na sikuwahi kumpa mtu kitu nisichokijua. Akanieleza taratibu. Baadhi ya washiriki wangepata dawa ya kupunguza hamu ya pombe, wengine vidonge bandia, yaani unga mtupu, na wote wangepata ushauri nasaha. Siri ya nani kapewa nini ilitunzwa mbali nasi, tusije tukaona nafuu tunayotaka kuiona. Kila mshiriki aliambiwa hayo kabla ya kutoa ridhaa. Alipimwa pia ini, kwa sababu dawa ile ingeweza kumdhuru mwenye ini bovu.

Masanja, mchimbaji, aliletwa na mkewe, Mama Kabula, aliyekuwa amechoka na gongo, ile pombe kali ya kienyeji aliyokunywa mumewe. Alipata nafuu haraka. Mikono iliacha kutetemeka, akaanza kuja amevaa shati safi na kututania manesi. Mwenzake wa duara moja, yaani shimo moja la kuchimba dhahabu, Shija, alitaka kuingia pia, lakini vipimo vya ini vilikuwa vibaya. Mganga Mfawidhi, mkuu wa kituo chetu cha afya, akamkatalia, akamwandikia rufaa ya hospitali. Hakwenda ng'o.

Asubuhi moja ya kliniki nilimuuliza Masanja anavyomeza vidonge vyake. Akajibu bila wasiwasi wowote kwamba anagawana na Shija, nusu kwa nusu. Kule duarani waligawana mawe, maji na ugali, na kwake dawa ilikuwa vilevile.

"Mayo, nitamezaje peke yangu na mwenzangu anatetemeka?" akaniuliza, akiniita mama kwa Kisukuma.

Nilikumbuka ini la Shija. Nilimfokea, nakiri, maana mdomo wangu haukuwahi kuwa na breki. Tulipanda bodaboda kumfuata Shija, tukamkuta ana macho ya njano kama manjano ya mchuzi. Tulipomfikisha kituoni, Mganga Mfawidhi alitaka kujua kitu kimoja tu: mgonjwa amemeza dawa ya kweli au bandia? Siri ile hufunguliwa kwa dharura tu, na hii ilikuwa dharura. Nikampigia simu Mtafiti Mkuu.

Tulipokuwa tukisubiri jibu, Masanja alichuchumaa ukutani nje, akilia kwamba amemuua rafiki yake kwa mikono yake mwenyewe. Mimi mwenyewe nilikuwa naogopa.

Simu ikaita. "Vya Masanja vilikuwa bandia," alisema Mtafiti Mkuu.

Nilikaa chini sakafuni na sare yangu nyeupe, nikamshukuru Mungu kwa sauti, wagonjwa wote wakinitazama. Shija alikuwa anaumwa kwa gongo yake, si kwa vidonge vyetu. Alilazwa, akatibiwa, akapona kiasi cha kurudi kwao Bukombe kulima.

Sasa nimestaafu, nafuga kuku, na wauguzi vijana hunijia kuuliza mambo ya kazi. Nawaambia wasidharau dawa, kwani nimeona wengi ikiwasaidia. Nawaambia pia wamuulize mgonjwa anakula na nani, anafanya kazi na nani, kabla ya kumkabidhi vidonge. Lakini nikikumbuka kazi ile, kinachonijia kwanza ni uso wa Masanja nilipotoka nje siku ile kumpa habari.

Nilimwambia kwamba Shija hakudhurika na vidonge, kwa kuwa vilikuwa unga. Nilijua atakasirika, mtu mzima kulishwa unga miezi yote ile. Akafuta machozi kwa mkono wa shati, akasimama.

"Unga mtupu?"

"Mtupu."

"Kwa hiyo, mayo, pombe nimeiacha mwenyewe?"

Nikamwambia ndiyo, baba, mwenyewe.