Blanketi Lisilo na Habari

Saa kumi na mbili kasoro dakika kumi asubuhi mama mkwe alinikuta jikoni nikipuliza moto, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba kuna mtu amelala kitandani kwangu. Saa naijua kwa sababu nilikuwa nimetoka kuitia ufunguo saa ya mume wangu, ambayo aliniachia alipochukuliwa kwenda vitani.

Nilikwenda na kijinga cha moto. Kitandani hapakuwa na mtu. Lilikuwapo blanketi tu, limetandikwa kama nilivyoliacha. Nilimwambia hivyo. Yeye hakuingia chumbani. Alinishika bega akanirudisha nyuma taratibu, mpaka nikawa nimesimama mlangoni mahali aliposimama yeye.

"Tazama ukiwa hapa, mkamwana."

Nikamwona. Alikuwa amelala ubavu, uso ameuelekeza ukutani, goti moja amelikunja na mkono mmoja ameuweka juu ya kichwa. Niliposogea mbele, mtu akawa viraka. Niliporudi mlangoni, akawa mtu.

Lazima nieleze blanketi hilo lilivyokuwa. Wafanyabiashara wa mjini Biharamulo, wale wenye asili ya pwani, kitu kama hicho walikiita mfarishi. Sisi huku Nyarubungo tuliita blanketi la viraka. Nililishona kwa sababu mume wangu alikwenda na blanketi letu la pekee, na duka la kijiji lilikuwa na majembe na chumvi tu. Ndani niliweka pamba fifi, ile chafu ya daraja la pili. Juu nilishona chochote nilichopata: vipande vya kanga na vitenge, gauni la zamani la mwanangu, kitambaa cha pazia chenye maua makubwa, na koti jeusi la marehemu baba mkwe ambalo nondo walikuwa wamelila mabegani. Sikuwa nimefundishwa na mtu. Nilijua kushona mshono ulionyooka, na nilidhani hiyo inatosha.

Vita vya Kagera vilikuwa kaskazini kwetu. Malori ya jeshi yalipita barabara kuu, na wenye nyumba za bati waliambiwa wafunike mapaa kwa majani ya migomba. Wanamgambo wa kijiji chetu, mume wangu akiwamo, walikuwa wameondoka pamoja siku moja. Wengine walikuwa wamekwisha kuleta salamu kupitia kwa madereva. Wa kwetu hakuwa ameleta neno.

Mama mkwe alipomwona yule mtu kwenye blanketi, hakulia. Alisema jambo ambalo kwake lilikuwa wazi kabisa: mtu aliye hai haonekani amelala mahali ambapo hayupo. Na kwa kuwa koti lilikuwa la baba mkwe, basi baba amekuja kumlaza mwanawe aliyekufa.

Familia ya mume wangu ilitoka Shinyanga na ng'ombe wake, mimi ni Mhangaza wa Ngara. Lakini watu hawa walipohamia kwenye migomba walichukua na desturi za watu wa migomba. Mtu akifia mbali na mwili usipatikane, hukatwa shina la mgomba, likavikwa nguo zake, likazikwa. Tangu siku hiyo yeye ni marehemu, hata akirudi kwa miguu yake mwenyewe. Hapiti tena mlango wa mbele. Mke wake hurudishwa kwao, na watoto hubaki na ukoo. Mama mkwe alisema atamwita baba mdogo, ambaye ndiye aliyekuwa mkubwa wa ukoo, waje wakate mgomba. Nilimwomba anipe muda wa kulitengeneza blanketi kwanza. Alinitazama kana kwamba nimeomba muda wa kuchambua mboga.

"Haya," alisema. "Akitoka humo, sitamwita mtu."

Nilifumua vipande vyote vya koti nikavitawanya, kimoja kila pembe, vingine katikati, kwa mpango wa kutogusana. Kesho yake tulisimama mlangoni pamoja. Mtu alikuwapo. Safari hii alikuwa amegeuka, uso kwetu, na alikuwa karibu na ukingo wa kitanda.

Nilifumua tena, nikatoa koti lote. Mahali pake nikaweka kanga ya zambarau na kitenge cha samaki. Nilikuwa na hakika. Asubuhi alikuwa ameketi. Sikuhitaji kuonyeshwa. Kiwiliwili kilikuwa kwenye pazia lenye maua, kichwa kwenye samaki, na mkono ulioning'inia ulikuwa pindo la kanga. Mama mkwe alisema tu, "Anaamka," akaenda kuwafungulia mbuzi.

Jirani yetu, mwanamke wa Kisubi ambaye hakuwa na adabu na msiba wa mtu yeyote, alikuja kutazama akacheka. "Wewe jirani una bahati. Mume yuko vitani na bado kitanda kimejaa." Kisha alifika mlangoni. Alijifunga kanga upya, akasema ana sufuria motoni, akaondoka. Moshi haukuonekana kwake mpaka jioni.

Nilikaa chini nikafikiri. Kama mtu anabaki hata koti likitoka, basi hakai kwenye koti. Nilitandaza blanketi uani, nikafumba macho nusu ili rangi zipotee na kubaki mwanga na kivuli tu. Ndipo nikaona kosa langu. Hakuna kiraka kilichofanana na jirani yake. Maua makubwa yalikaa karibu na madoadoa, mistari karibu na samaki, nyeusi karibu na njano. Lilikuwa kama soko la mnada: kila mmoja anaita, na katika kelele kama hiyo sikio hudhani limesikia jina lake. Jicho nalo ni hivyo. Halipati mahali pa kupumzika, likatafuta mtu.

Dawa yake, nilivyoona, ilikuwa kitambaa cha rangi moja, kisicho na picha, kikae kati ya viraka na kuvitenganisha. Nilikuwa na marekani nyeupe. Nilimpelekea mama mkwe.

"Hiyo ni sanda," alisema.

Nikaleta kaniki. Akaisukuma kwa mguu. Kaniki ilikuwa ya matanga na ya mizimu, hailaliwi na mtu anayengoja habari njema. Nikaleta suruali ya kaki, rangi ya askari. Alifumba macho. Nyekundu sikuileta, wazee wa ukoo ule waliiweka kwa ajili ya matambiko. Hapo nikaelewa shida niliyokuwa nayo. Vitambaa vya maua vilipiga soga tu. Vile vya rangi moja, nilivyovidhani vimenyamaza, kila kimoja kilikuwa kimebeba taarifa, na zote zilikuwa za kifo.

"Leta kisicho na habari," alisema mama mkwe. "Basi. Sitaki zaidi."

Kwa siku kadhaa sikupata. Baba mdogo alikwisha kusikia uvumi, akatuma mtu kuuliza kama migomba yetu ni minene. Niliogopa hilo kuliko yule aliyeketi kwenye blanketi. Watoto wangu walikuwa wanacheza nje, nami nikawa nawatazama kama mtu anayehesabu.

Nilipata jibu nilipokuwa nafumua vipande vya gauni la mwanangu ili nishone upya. Kipande kilidondoka kifudifudi. Mbele kilikuwa na maua ya bluu iliyokolea. Nyuma yake maua yalikuwa yamebaki kama ukungu, bluu ya jivu, hayana kingo. Nikageuza pazia: nyuma yake palikuwa na rangi ya mchanga. Nikageuza kanga iliyochakaa: mchanga pia, umeingia waridi kidogo. Kitenge hakikufaa, kwa kuwa pande zake zote mbili zinapiga kelele sawasawa. Nilikitoa chote pamoja na samaki wake.

Nilichukua vipande vitatu vilivyogeuzwa nikaviweka mapajani mwa mama mkwe. Macho yake hayakuwa mazuri, kwa hiyo alivipapasa kwanza, halafu akavisogeza kwenye mwanga wa dirisha.

"Hivi havijanena lolote," alisema.

Nililishona lote upya. Nilitumia rangi mbili tu, mchanga na jivu la bluu, zikipishana. Kiraka kilichokolea sikukiweka karibu na kilichopauka sana. Nilipitia cha katikati. Maua niliyaacha upande wa mbele kwenye mstari mmoja tu, madogo ya gauni, ili jicho liwe na mahali pa kuanzia. Kila baada ya viraka vichache nilirudi mlangoni na kufumba macho nusu. Jirani alipita akasema sasa tutalala ndani nje kama nguo za mwendawazimu. Lakini alisimama mlangoni muda mrefu, na hakusema ana sufuria.

Asubuhi iliyofuata mama mkwe alinitangulia. Nilimkuta amesimama mahali pake, ameshika mwimo wa mlango. Sikuthubutu kutazama blanketi. Nilimtazama yeye.

"Hayupo," alisema.

Nikamuuliza hiyo maana yake nini. Niliogopa kwamba atasema amekwenda kabisa.

"Aliyekufa hafukuzwi kwa sindano, mkamwana. Huyu alikuwa hofu yetu sisi wawili." Aliingia chumbani, akavua kanga ya kichwani, akalala chini ya blanketi akiwa na miguu yake yenye umande. Alilala mpaka jua likawa utosini. Yule aliyetumwa na baba mdogo aliporudi, mama mkwe alimjibu kwamba migomba yetu ni myembamba, na kwamba hata ikinenepa ni ya ndizi.

Mume wangu alirudi baada ya vita kwisha, amekonda, amepoteza meno mawili. Alipita mlango wa mbele. Alimwamkia mama yake shikamoo, akaitikiwa marahaba, akala, akaenda kujilaza. Nilipomfuata nilimkuta mama mkwe amesimama mlangoni. Mume wangu alikuwa amelala ubavu, uso ukutani, goti moja amelikunja, mkono juu ya kichwa. Nimesoma mengi tangu siku ile kuhusu macho na vivuli, na hilo sina maelezo yake. Huo haukuwa mlalo wake nilioujua.

Mama mkwe alifungua fundo la kanga yake akanitia mkononi noti iliyokunjwa na sarafu, akasema nikanunue sukari. Baadaye ndipo aliponieleza kwamba ilikuwa nauli yangu ya kurudi Ngara, aliyoiweka tangu ile asubuhi ya kwanza, ya mtu mmoja bila watoto: shilingi kumi na nane.