Robo Saa Niliyonyamaza

Ofisi yetu ya Keshero, iliyogawa chakula kwa wakimbizi, ilikuwa na sheria: wafanyakazi wapendanao wajitangaze kwa shefu, mkuu wa ofisi, na mmoja ahamishiwe kitengo kingine. Sisi hatukujitangaza. Mimi nilikuwa mtu wa redio, yeye dereva. Kila saa nilimwita kwa namba ya gari, kwa sauti kavu, naye akanijibu vivyo hivyo. Wanasema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Yetu tuliyaficha mwaka mzima, tukajiona wajanja.

Siku vita viliposogea, alikuwa Rutshuru. Shefu aliamuru gari lisitoke uwanja wa parokia ya huko mpaka njia ithibitishwe kuwa salama. Nikampa amri hiyo redioni. Kisha nikatoka nje nikampigia kwa simu yangu. Nilikuwa nimesikia kwamba kesho yake njia ingefungwa kabisa, na woga ukanitoa akili. Nikamwomba arudi upesi, asimwambie mtu. Alinisikiliza, kwa kuwa habari za njia alizipata kwangu siku zote.

Saa nane nilimwita. Kimya. Nikamwita tena, kimya. Simu nayo haikupita. Shefu, mzee mpole wa Butembo, akasema tusihangaike, kijana yuko parokiani, labda redio imeharibika. Nilijua hayuko. Neno lilikuwa mdomoni, lakini niliona barua ya kufukuzwa, na mama yangu kule Katoyi anayeishi kwa mshahara wangu. Nikanyamaza nikiitazama saa ya ukutani, robo saa nzima.

Mwishowe nikamgeukia. “Shefu, hayuko tena kwa paruwasi. Ni mie nilimuambia atoke. Tunapendana.”

Hakunifokea. Akachukua redio mwenyewe, akawaita wenzetu wa kambi iliyo kando ya njia ile. Walimkuta amelala katika shamba la mahindi, hatua chache kutoka kwenye gari, risasi imemvunja goti na damu imemtoka sana. Hospitalini daktari hakuweza kuuokoa mguu.

Nilipoingia wodini siku ya tatu, mama yake alikuwa ameketi kando ya kitanda. Sikujua niweke wapi mikono yangu.

“Niliposhindwa kujibu,” yeye akaniuliza kutoka kitandani, “uliwaambia palepale?”

“Palepale,” nikasema.

Akaushika mkono wangu, akamwambia mama yake kwamba mimi ndiye niliyemponya.