Ng'ombe wa Ndulele

Tunda la ndulele likipasuka hutoa harufu kali, yenye uchungu unaokaa vidoleni hata ukinawa. Nikiisikia leo, uzee huu wote, narudi uani kwa nyanya yangu, upande wa Nyamarambe, miaka ile ya hamsini.

Tulimwita Magokoro, ndiyo nyanya kwa lugha yetu ya Ekegusii. Yeye aliniita mke mwenzake, kwa utani wa kwetu wa nyanya na mjukuu. Tuliokota ndulele, tukazichomeka vijiti vinne vya miguu na viwili vya pembe, tukazijengea boma la mawe kando ya njia. Kila ng'ombe alipewa jina la ng'ombe aliyekuwa kwa baba yake Magokoro zamani. Mmoja wa manjano alikuwa mchoyo wa maziwa. Magokoro alimbembeleza, nami nikamkamua kwa adabu katika kibuyu kitupu, tukanywa mpaka tukashiba. Mama alisema hajui nani kati yetu ndiye mtoto.

Asubuhi moja akaja askari wa chifu. Mzungu wa kilimo angepita, na njia ilitakiwa iwe safi. Askari akainua buti juu ya boma letu.

"Usikanyage ng'ombe wangu," Magokoro alisema.

Askari akacheka. "Mama, haya si matunda tu?"

"Zunguka."

"Ni amri ya serikali."

"Nimesikia. Zunguka."

Alimfikia askari kifuani tu, lakini jembe lilikuwa mkononi. Nikasimama ubavuni pake. Askari akazunguka, ila jina la Magokoro alikwenda nalo kwa chifu, na adhabu ikaja: kufyeka nyasi barabarani siku tatu. Magokoro alikwenda na kikapu cha ng'ombe wetu, akawapanga penye majani mabichi ili wale, akafyeka huku akiwaita kwa majina, kwa sauti, askari akisikia.

Nilidhani anatetea mchezo wangu. Alipokwisha kufa ndipo mama akanieleza. Magokoro akiwa msichana mdogo kama mimi, askari wa serikali walikuja wakaswaga ng'ombe wote wa baba yake. Yeye alijificha ndani ya shamba la wimbi, akawatazama ng'ombe wakipita mmoja mmoja, asithubutu kutoa sauti. Hakuwahi kujisamehe ule ukimya.

Basi yule askari wa chifu alipewa jibu la wale askari wa zamani. Mpaka leo simhurumii.