Nilivyoanza native app hapa Sumbawanga, ili dada yangu asiyesikia aone mtoto akilia

Wakuu, heshima kwenu. Haya nimeyaona kwa macho yangu, hapa hapa Sumbawanga mjini. Chumvi sijatia.

Dada yangu Oliva hasikii tangu utotoni. Majuzi kajifungua mtoto wa kwanza. Mama mkwe wake akanipigia simu kutoka kijijini Ilemba, anakuja kumchukua mjukuu akamlee yeye, maana mtoto akilia nani atajua?

Dada alilia sana. Roho iliniuma, kwa sababu yule mama hana ubaya. Alikuwa anaogopa tu.

Nikawaza: simu ina maikrofoni, ina tochi. Basi isikie yenyewe, iwashe tochi.

Nilianza na app ya mkato, ile inayofunguka kama tovuti. Screen ikizima, na yenyewe inalala. Mshikaji wangu fundi simu akaniambia nijifunze native, yaani code inayoongea na simu moja kwa moja. Nikaingia Kotlin, lugha ya kuandikia app za Android, kichwa kichwa.

Laptop ya kuazima, inachemka mpaka unaota moto. Baridi letu mnalijua, kwa hiyo sikulalamika.

Siku nimepiga makofi tochi ikawaka, nilikaa chini wakuu. Maneno niliyoandika mimi, mtoto wa mkulima wa mahindi, simu imeyatii!

Shida ikawa upepo wa huku. Bati likigonga, tochi hiyo. Dada anakimbilia chumbani, mtoto kalala fofofo. Nikapandisha kiwango cha sauti kinachowasha tochi, ikatulia kidogo.

Mama mkwe akafika. Tukampa shikamoo, akaanza kupanga nguo za mtoto kwenye begi.

Mtoto akalia chumbani, simu iko pembeni yake. Bibi yake anajiinua, dada aliyekuwa anasonga ugali kaona mwanga wa tochi mlangoni, kampita, kambeba mwanae.

Yule mama alimfuata chumbani, akaitazama ile simu. Kisha akaniuliza taratibu, "Na mimi nikimwita?"

Nikamwambia ajaribu. Akasubiri dada arudi jikoni, akaiinamia simu.

"Oliva!"

Tochi ikawaka. Dada akaja, anamtazama usoni. Tangu aolewe, mama mkwe hajawahi kumwita akaja.

Mama akakaa kitandani, machozi yanamtoka, akaanza kuzitoa nguo za mtoto kwenye begi.

Nilichojifunza: ukitaka kuanza native, usiwaze app ya dunia nzima. Anza na mtu mmoja wa nyumbani kwenu.

Sasa mliobobea, nawezaje kuifundisha itofautishe mtoto na bati? Na wewe, app yako ya kwanza ulimtengenezea nani?