Blanketi la Harusi la Tamimunt

Mbishi kama jirani yangu Tamimunt sijapata kumwona. Huku milimani Ketama, sote tulikuwa tumeshavuna bangi na kuianika juu ya paa, maana baridi ilikuwa inabisha hodi. Yeye aliacha mmea mmoja shambani, wa mbegu yetu ya asili, kwa sababu mbegu zake zilikuwa bado mbichi. Jioni akaufunika kwa blanketi lake la harusi.

Moh, kijana wa jirani aliyeanza kupanda mbegu za kigeni, akamcheka: "Shangazi, bangi inalala na blanketi, na wewe je?"

"Najifunika maneno yako, mwanangu. Marefu hayo, yananifika miguuni."

Alfajiri milima ikaamka myeupe. Tamimunt akalikung'uta blanketi barafu, na jioni akaurudishia mmea wake. Aliendelea hivyo mpaka mbegu zikakomaa.

Mwaka uliofuata mvua ilitunyima. Bangi ya Moh ikakauka yote, ya Tamimunt, iliyoota kwa mbegu zile, ikasimama.

Moh akaja mlangoni, kichwa chini. "Shangazi, nigawie mbegu."

"Mbegu zipo. Kwanza kamwombe mkeo blanketi."