Aliyepiga Magoti Nyuma ya Foklifti

Leonadi Kyomukama alipewa karatasi ya kuchagua vifaa vya foklifti Jumanne asubuhi, na kabla chai haijapoa alikuwa ameshachagua vibaya.

Tusimcheke mapema. Mtu aliyechunga ng'ombe wa baba yake kule Nyakakika tangu akiwa na miaka saba, akaenda Mwanza kubeba mizigo mgongoni, akarudi na leseni ya kuendesha mashine ya kuinyanyua, ana haki ya kutembea kifua mbele. Katika ghala la kahawa la chama cha wakulima pale Kiruruma, ni yeye peke yake aliyejua kuingiza vile vyuma viwili chini ya rundo la magunia na kulipandisha hadi karibu na paa bila gunia hata moja kutikisika. Mashine ilikuwa kuukuu, ya rangi nyekundu iliyopauka, naye aliiita Bihogo, jina ambalo kwao hupewa ng'ombe mwekundu. Kila asubuhi aliizunguka akiipigapiga ubavuni kabla ya kupanda. Watu walishazoea.

Kitu alichokipenda kuliko hata Bihogo ni heshima. Wanawake waliochambua kahawa mle ghalani walimsalimia kwa kupiga magoti, kama desturi ya huku inavyotaka mbele ya mtu mzima, na aliyepiga magoti hainuki mpaka aitikiwe. Leonadi aliitikia taratibu, akilivuta neno, ili utamu usiishe upesi.

Aliyepiga magoti vizuri kuliko wote ni Therese, mkamwana wake, mke wa kijana wake Nolasco. Therese alizaliwa Kamuli, katika familia iliyotoka Burundi, na bidii yake ilikuwa na sababu. Siku ya kumpokea bibi harusi, Leonadi alikuwa amekunywa pombe ya ndizi ikamkolea, akatangaza mbele ya wageni: "Huyu binti wa Kamuli ni mchapakazi, sikatai. Ila kupiga magoti hajafundishwa." Therese alisikia. Tangu hapo, mwaka wa pili sasa, hakumpita baba mkwe wake bila magoti kugusa chini, iwe sokoni, iwe kanisani, iwe kwenye tope la masika. Leonadi alishasahau alichosema. Wenye midomo ndivyo walivyo.

Basi, Jumanne hiyo alikuja Mackrine, fundi wa kampuni ya Mwanza iliyouza mashine, amevaa viatu vya chuma mbele na ana orodha mkononi. Meneja wa ghala, Elipidius, alikuwa ameshatoa kauli: vifaa viwili vya nyongeza, viwili tu, na achague anayeendesha. Leonadi akatia alama kwenye honi ya lori yenye milio mitatu, na kwenye taa ya njano ya kuzunguka juu ya paa, ile inayofanya mtu aonekane kama anasindikiza msafara.

Mackrine akaitazama karatasi. "Mzee, hapa umechagua vya harusi. Mimi ni muuzaji, sikatai. Lakini ukirudi nyuma unaonaje?"

"Nageuza shingo."

"Na aliye chini?"

"Chini kuna nini, mwanangu? Kuku?" Leonadi akacheka mwenyewe, akapanda kumwonyesha mgeni jinsi kazi inavyofanywa.

Alibeba magunia kumi ya maganda, yaani kahawa iliyokaushwa kabla ya kukobolewa, akaanza kurudi nyuma, shingo ameigeuza kwa madaha. Sasa, foklifti yoyote ina tumbo kubwa la chuma kwa nyuma, la kuizuia isipinduke ikibeba mzigo. Nyuma ya tumbo hilo Therese alikuwa ndiyo kwanza anaingia na ungo wake kichwani. Hakuwa amemsalimia baba mkwe tangu asubuhi. Akautua ungo, akapiga magoti, akainamisha macho.

"Shikamoo, tata," akasema, yaani baba kwa lugha ya huku.

Injini ilikuwa inanguruma. Leonadi hakusikia, kwa hiyo hakuitikia, na Therese, kwa kuwa hakuitikiwa, hakuinuka. Bihogo akaendelea kuja.

Aliyeona ni Sperancia, mchambuaji mkongwe kuliko wote. Alipiga kelele mara moja, akaona hazifiki, akaunyanyua ungo wake uliojaa kahawa na kuurusha. Ungo uligonga paa la mashine na kahawa ikamwagika yote juu ya kofia ya Leonadi.

Alikanyaga breki na kushuka amefura. "Nani amenimwagia kahawa ya watu?"

Wote walikuwa wanatazama nyuma ya mashine, naye akazunguka kwenda kutazama. Therese alikuwa palepale; kati ya gurudumu na magoti yake hapakutosha hata kuweka chungu. Uso ulikuwa umempauka.

"Shikamoo, tata," akarudia.

Leonadi akashika chuma cha mashine. Hakuwa amewahi kuogopa hivyo, hata ile siku fahali alipomfukuza mpaka kwenye miiba. "Kwa nini hukukimbia?"

"Ulikuwa hujaitikia."

Fundi mwingine angesema, "Sikukwambia?" Mackrine hakusema. Alizima mashine na kuja kwa adabu. "Mzee, naomba upige magoti hapo alipo huyu binti, kisha uniambie kama unakiona kiti chako."

Leonadi hakuwa amepiga magoti mahali popote isipokuwa kanisani, na hata huko siku hizi alisingizia mgongo. Alimwinua Therese kwa mkono, akapiga magoti kwenye vumbi la kahawa, akatazama juu. Aliona chuma chekundu, na bomba la moshi. Kiti hakikuonekana, wala usukani, wala mtu mwenye heshima zake.

"Hakuna mtu," alisema polepole. "Ukiwa hapa, huyu Bihogo hana mchungaji."

"Marahaba!" Sperancia akaitikia kutoka kwenye kona yake.

Ghala lilipasuka kwa kicheko. Therese naye alicheka huku anafuta machozi, na Leonadi akacheka mwisho, vibaya vibaya, akijikung'uta magoti.

Aliomba karatasi na kufuta honi, akafuta na taa ya msafara.

"Weka king'ora cha kurudi nyuma," alishauri Elipidius, aliyekuwa amekuja mbio kwa zile kelele. "Kingelia, angekimbia."

"Umemsikia mwenyewe," Leonadi alisema. "Angepiga magoti na king'ora kinalia."

Akachagua kamera ya nyuma, na akataka ifungwe chini, usawa wa mtu aliyepiga magoti. Mackrine akajikuna kichwa, maana kwa kawaida hufungwa juu, lakini akaandika. Cha pili kilikuwa taa ya buluu inayomulika sakafu nyuma ya mashine, ili kila mtu ajue mahali pasipokanyagwa. Kisha Leonadi akawageukia wanawake akasema kwamba kuanzia leo, ndani ya ghala, hapana kupiga magoti.

"Tata," Therese alisema kwa sauti ndogo, "watu watasema binti wa Kamuli hajafundishwa."

Hapo ndipo Leonadi alipoyakumbuka maneno yake, yote, mpaka ladha ya ile pombe. Aibu ilimpanda hadi masikioni.

"Aliyesema hivyo ni mimi," alisema, kwa sauti ya kufika kila kona, kwa kuwa hata siku ile hakuwa amenong'ona. "Nilikosea."

Wiki tatu baadaye vifaa vilifungwa. Kamera ilikaa chini mno hivi kwamba aliyesimama alionekana miguu tu, na Leonadi akawa anawatambua watu kwa viatu. Asubuhi ya kwanza aliona ndala za kijani zimesimama ng'ambo ya mwanga wa buluu, zinangoja. Akazima injini. Akashuka, akazunguka mpaka nyuma.

"Shikamoo, tata," alisema Therese, akiwa wima.

Kwa karibu miaka miwili Leonadi alikuwa anamwita Therese "mke wa Nolasco" tu.

"Marahaba, mwanangu," Leonadi akajibu, upesi, asimcheleweshe.